Mlaji na Mkulima Wachangie Shamba Moja

(Hotuba ya Katibu, iliyosomwa Nyamuswa mbele ya Mkutano wa sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Umoja wetu)



Nimeagizwa na Bodi niseme maneno machache katika siku hii ya furaha. Habari za miaka 10 iliyopita Bwana Mwenyekiti amekwisha kuzieleza, nami sina haja ya kuzirudia. Mimi nataka kusema juu ya kazi moja mpya ambayo yatupasa kuifikiri kabla ya msimu ujao wa kulima. Nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu mwisho wa maneno yangu nitawaombeni mkate shauri, na mtu hawezi kukata shauri katika jambo asilolielewa.

Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili wa ukatibu nilipata habari kwa simu kwamba mnunuzi wa nyanya atakuja hapa na lori siku ya Alhamisi. Nikafurahi, nikawatangazia wanachama. Akina mama wakachuma tangu alfajiri, na matenga yakapangwa kandokando ya barabara. Jua likapanda, likafika utosini, likashuka. Lori halikuja, na simu ya mnunuzi ikawa haipatikani. Siku ya pili tukangoja tena. Ilipofika siku ya gulio nyanya zilikuwa zimekwisha kulainika. Chache ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na nyingine wakapewa ng'ombe.

Baadaye mama mmoja mzee alikuja ofisini kwangu. Hakugomba wala hakupaza sauti. Aliniuliza tu: "Mwanangu, nyanya zangu umeziandika wapi?" Nikafungua daftari. Pamba yake ilikuwamo, kilo kwa kilo, na siku aliyopima, na fedha aliyolipwa. Nyanya hazikuwamo. Sikuwa na ukurasa wa nyanya. Nilikuwa nimewachumisha watu mali yao kwa neno la mtu mmoja nisiyemjua, na neno lenyewe sikuliandika mahali popote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami niliyafahamu maneno hayo siku ile kuliko nilivyoyafahamu nilipoyasoma shuleni.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Pamba yetu ina chama, ina mizani, ina daftari. Je, mboga zetu, mihogo yetu, viazi vyetu, kunde na maboga yetu, kwa nini havina chochote?

Ndugu zangu, pamba ni zao letu kubwa, wala sisemi tuliache. Lakini sote twajua tabia yake. Tunaipanda mvua za mwisho wa mwaka zinapokolea, tunaipalilia, tunaipulizia dawa, na fedha yake huja mara moja tu, katikati ya mwaka unaofuata. Bei yake hupangwa mbali na hapa, na watu wasiojua kama mwaka huu Nyamuswa ilipata mvua au haikupata. Kati ya fedha ya pamba ya mwaka huu na fedha ya pamba ya mwaka ujao kuna miezi mingi mirefu, na ile migumu kuliko yote ndiyo miezi ya kulima na kupanda. Hapo ndipo mkulima hukopa. Na anayekopa wakati wa kupanda huwa amekwisha kuuza mavuno yake kabla hayajaota.

Upande wa pili, tazameni walaji wetu. Hapa kwetu kuna walimu na wauguzi, kuna shule zenye wanafunzi wanaolala hukohuko na kula kila siku. Kule Bunda na Musoma kuna wafanyakazi wengi wasio na shamba wala nafasi ya kulima. Watu hao hula mchicha, nyanya, bamia na viazi vitamu kila juma. Wananunua sokoni vitu vilivyopita katika mikono mitatu au minne, na kila mkono umeongeza kitu juu ya bei. Mlaji hulipa nyingi, mkulima hupata kidogo, na wawili hao hawaonani kamwe.

Kazi ninayotaka kuieleza ni ya kuwaonanisha. Mimi nimeiita kilimo cha ubia wa mlaji na mkulima. Maana yake ni hii: kabla jembe halijagusa udongo, kundi la wakulima na kundi la walaji wanakutana. Wakulima wanaeleza watalima nini, kiasi gani, na gharama yake yote ni fedha ngapi. Gharama hiyo inagawanywa katika mafungu. Kila nyumba ya mlaji inachukua fungu moja, nayo inaanza kulipa kabla ya mbegu kupandwa. Mavuno yakianza, kila juma, siku ileile, kila nyumba inapokea kapu lake. Shamba likistawi, kapu linajaa. Shamba likipatwa na mdudu au ukame, kapu linapungua, na mlaji anauchukua upungufu huo pamoja na mkulima. Nasema fungu, wala sisemi hisa, maana hisa ni za chama na zina sheria yake. Fungu la mlaji ni la msimu mmoja tu.

Jambo hili halikuanza jana. Huko Japani, mwaka 1971, watu waliokuwa na wasiwasi juu ya dawa za sumu katika chakula waliunda chama cha kilimo kisichotumia dawa hizo, na akina mama wa mijini wakafanya mapatano na wakulima kuchukua mazao yao moja kwa moja. Wao wenyewe huita mapatano hayo teikei, yaani kushirikiana. Marekani mashamba ya kwanza ya namna hii yalianza mwaka 1986 katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire. Ufaransa ilianza mwaka 2001. Nchi hizo ni tajiri na mvua zao si kama zetu. Lakini shida iliyowasukuma ni hiihii, kwamba mkulima hubeba hasara yote peke yake.

Na hapa Afrika Mashariki tumekwisha kuipiga hatua iliyo jirani. Mwaka 2007 nchi zetu zilikubaliana juu ya kanuni moja ya kilimo hai na alama yake, Kilimohai. Kanuni hiyo inawaruhusu wakulima wadogo kukaguana wenyewe katika vikundi: huyu anakwenda kutazama shamba la yule, na yule la huyu, na wote wanatia sahihi. Huo ni ushirika, ndugu zangu, ijapokuwa mkononi wameshika mboga badala ya pamba.

Kwa kweli mizizi ya ushirika wote ni miwili. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi 28 walifungua duka lao wenyewe ili wauziane unga safi kwa kipimo cha haki. Wao walikuwa walaji. Ushirika wa kwetu ulianzia upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, ambalo Musoma ilikuwa ndani yake, walichoka kupunjwa katika mizani za wanunuzi. Wakaweka watu wao wenyewe wa kuangalia mizani. Kutokana na hayo vyama vikaota kila mahali, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao kiongozi wake alikuwa Paul Bomani. Umoja huo ulipata hata viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Wale walikuwa wakulima. Walaji wa Rochdale na wakulima wa Ziwa walipigania kitu kilekile, yaani kipimo cha haki, lakini hawakukaa meza moja. Kilimo cha ubia ndicho kinachowaweka meza moja.

Sasa niseme hesabu, kwa maana maneno matamu bila hesabu yamewaponza wakulima wengi. Hesabu hii ni ya mfano tu. Ile ya kweli tutaifanya pamoja kwa bei za siku hiyo.

Tuseme wanachama 8 wanakubali kulima mboga, kila mmoja robo eka, jumla eka 2. Tuseme nyumba 40 zinachukua fungu moja moja. Kapu moja liwe la shilingi 10,000 kwa juma, na msimu wa makapu uwe majuma 12. Kila nyumba italipa shilingi 120,000, na jumla yake ni shilingi 4,800,000.

Matumizi yawe hivi. Mbegu, shilingi 400,000. Ng'ombe wa kulimia pamoja na samadi, shilingi 500,000. Zana, dawa na makapu, shilingi 300,000. Usafiri wa safari 12, kila safari shilingi 50,000, ni shilingi 600,000. Akiba ya msiba wa shamba, shilingi 400,000. Kazi ya daftari na ofisi, shilingi 200,000. Jumla ya yote ni shilingi 2,400,000. Zinabaki shilingi 2,400,000 nyingine, ambazo ni ujira wa wakulima 8, kila mmoja shilingi 300,000. Fedha hiyo si utajiri. Lakini ni fedha ambayo mkulima anaijua kabla ya kupanda, na ambayo haitegemei lori la mtu.

Mwalimu au muuguzi hawezi kutoa shilingi 120,000 kwa siku moja, wala hatumwombi hivyo. Alipe kwa vipindi 3, shilingi 40,000 kila mwisho wa mwezi. Kipindi cha kwanza peke yake, nyumba 40 zikilipa, ni shilingi 1,600,000. Hizo zinatosha kununua mbegu, kulipa ng'ombe na samadi, kupata zana, na kuweka ile akiba yote kando. Kwa hiyo mkulima wetu anaingia shambani bila deni. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoyasema leo.

Kazi ya shamba nayo lazima ibadilike kidogo. Pamba huvunwa kwa mkupuo, lakini kapu hutaka kitu kila juma. Mchicha huwa tayari kwa majuma 3 au 4, na majani ya kunde karibu hivyo. Basi visipandwe vyote siku moja, bali kitalu kimoja leo na kingine baada ya majuma mawili. Bamia hukaa miezi 2 hivi. Nyanya, tangu kusia mbegu hadi kuchuma, hutaka yapata miezi 3, na mvua ikizidi huugua ukungu. Kwa hiyo zisitegemewe peke yake. Viazi vitamu hukaa zaidi, miezi 4 au 5, lakini ndivyo vitakavyolijaza kapu mboga zikipungua. Mihogo iko ardhini, hungoja mpaka itakapohitajiwa. Mgagani, ambao sisi twaujua na baadhi ya watu wa mjini wamesahau utamu wake, nao una nafasi. Wakulima 8 wakipanga zamu zao vizuri, hapatakuwa na juma la kapu tupu.

Najua yaliyomo mioyoni mwenu, maana baadhi yenu mmekwisha kuniambia. Acheni niyajibu kwa haki.

La kwanza, mnasema: "Mvua ikikosekana, hao watu wa mjini watadai fedha zao." Ni kweli watadai, kama hatukuwaeleza mwanzoni. Kwa hiyo hati ya mapatano iseme wazi kwamba mlaji ananunua fungu la shamba, wala hanunui idadi ya nyanya. Asomewe mbele ya mashahidi, atie sahihi. Na mara mbili katika msimu aalikwe shambani, aone mwenyewe. Mtu aliyeliona shamba lililokauka kwa macho yake hatamwita mkulima mwizi. Wenzetu wa vijiji vya mashariki vinavyopakana na hifadhi wanajua pia habari ya tembo, ambao humaliza kwa usiku mmoja kazi ya miezi. Hasara hiyo hubebwa na nyumba moja, na watoto wa nyumba hiyo hulala njaa. Hasara ileile ikigawanywa kwa nyumba 40 na wakulima 8, itauma, lakini haitaua.

La pili ni gumu zaidi, nalo latuhusu sisi wenyewe. Siku moja nyanya zitapanda bei sokoni. Mnunuzi atasimama barabarani na fedha taslimu mkononi, na mmoja wetu atamwuzia zile nyanya nzuri, kisha kapuni atatia zile zilizobonyea. Mlaji hatasema kitu juma la kwanza. Juma la pili atamwambia mwenzake. Msimu ujao hatalipa. Ahadi ni deni, ndugu zangu, na deni hili lilikwisha kulipwa kabla hatujalima. Anayeona kwamba hataweza kulishika, asijiandikishe; hatutamwona mbaya. Afadhali wakulima 5 waaminifu kuliko 20 wenye mikono miwili.

La tatu ni juu yetu viongozi, nami sitaki kulificha. Fedha iliyolipwa kabla ya kazi ni kishawishi kikubwa kwa anayeiweka. Mimi sikuwa nimezaliwa mwaka 1976, wakati Serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyaweka mazao chini ya mamlaka za mazao. Lakini wazee wamenisimulia. Waliona ofisi zikifungwa na mizani ikichukuliwa, na wengi wao husema kwamba kabla ya siku hiyo baadhi ya viongozi walikuwa wamekwisha kuwafanya wanachama wasijali chama chao kikivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu vyama vikuu kurudi. Majengo na mizani viliweza kurudi kwa sheria, bali imani ya mkulima haikurudi kwa sheria. Hiyo ilibidi ijengwe upya, nasi twaendelea kuijenga hata leo.

Kwa sababu hiyo naomba masharti haya yawe juu yangu mimi na kila atakayenifuata. Fedha ya makapu ikae katika akaunti yake yenyewe, isichanganywe na fedha ya pamba. Isitolewe ila kwa sahihi za watu watatu: mmoja wa Bodi, mmoja wa wakulima, na mmoja wa walaji. Daftari lisomwe kwa sauti kila juma, siku ya makapu, mbele ya yeyote aliyepo. Na asiyejua kusoma ana haki ya kuuliza hata mara tatu, naye ajibiwe bila kukunjiwa uso.

Kuna jambo la nne, ambalo hakuna aliyeniuliza, ila nalisema kwa kuwa ni la haki. Katika nyumba zetu nyingi pamba huandikwa kwa jina la baba, na mboga hulimwa na mama. Ikiwa mboga sasa zitaingia katika daftari, basi jina litakaloandikwa liwe la yule aliyeinama shambani, na fedha ipewe mkono wake au simu yake. Waume tusione kwamba tumenyang'anywa. Fedha hiyo ndiyo inayonunua madaftari ya watoto na chumvi ya nyumbani. Sote tumekula chumvi hiyo.

Bwana Mwenyekiti, sishauri tuanze na vijiji vyote. Mtoto hutambaa kabla ya kusimama. Naomba Mkutano huu ukubali mambo manne. Kwanza, tujaribu msimu mmoja tu, na wakulima wasiozidi 8 watakaojitolea wenyewe. Pili, tuanze na walaji wa karibu, yaani walimu, wauguzi na shule za hapa, kisha Bunda. Musoma ingoje mpaka tujue njia. Tatu, kamati ya watu 6, watatu wakulima na watatu walaji, ipewe kazi ya kuandika mapatano na kufanya hesabu ya kweli. Nne, msimu ukiisha kamati irudi mbele ya Mkutano kama huu na kusema yote, mema na mabaya. Na kama mabaya yatazidi, tuache bila aibu.

Juma lililopita nilimwendea yule mama mzee wa nyanya, nikamweleza habari hii kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba atajiandikisha siku atakapoiona fedha ya walaji imefika kabla ya mbegu, na si siku moja kabla. Sikumlaumu. Nilirudi ofisini, nikachukua daftari jipya, nikapiga mistari ya ukurasa wa kwanza, na juu yake nikaandika: Mboga. Majina hayajaandikwa bado. Ukurasa huo nimekuja nao hapa, uko mezani mbele ya Bwana Mwenyekiti, pamoja na kalamu.

Miaka 10 iliyopita Umoja wetu ulianza vivyo hivyo, na ukurasa mtupu na watu wachache walioaminiana. Mungu aubariki Umoja wetu na kazi ya mikono ya wakulima wetu.